Kukimbia Anazaliwa Nako, Kurudi Anafundishwa

Watu wanaoniletea mbwa hapa Moshi huja na lalamiko lile lile. Wana Labrador au Golden Retriever wa miezi minane au tisa, ukimrushia kitu anakikimbilia kama mshale, anakiokota, halafu hakileti. Anazunguka nacho uwanja mzima, au analala chini ya mgomba anakitafuna. Wengine wameshakata tamaa, wanasema mbwa ni mjinga. Nikikaa naye nusu saa naona kwamba mbwa ana akili nzuri tu, ila amefundishwa asirudi, na aliyemfundisha ni mwenye mbwa mwenyewe bila kujua.

Wewe unayeanza, shika hili kabla ya mengine. Mbwa hawa walizalishwa Uingereza katika karne ya 19 ili wamfuatie mwindaji ndege aliyeanguka, majini au kichakani, na kumleta akiwa mzima bila kumchana. Mababu wa Labrador walitoka Newfoundland, Kanada, ambako walifanya kazi na wavuvi. Kwa hiyo hamu ya kufukuza kitu na kukibeba mdomoni iko kwenye damu. Hamu ya kukukabidhi kitu hicho ni ndogo zaidi, na usipoitunza inakufa mapema.

Mimi niliiua kwa dakika moja. Mbwa wangu wa kwanza alikuwa Labrador mweusi, tulimwita Bosi. Akiwa na miezi saba, asubuhi moja alitokea upande wa jirani na kifaranga mdomoni, akaja mbio hadi miguuni pangu, mkia unapepea. Nikapiga kelele, nikamkamata shingo, nikamchapa kwa kandambili. Kifaranga akaanguka, akasimama, akakimbilia kwa mama yake akilia, manyoya yamelowa mate, mwili hauna hata mkwaruzo. Bosi alikuwa amefanya kazi ya ukoo wake kwa ustadi ambao sikuwa nimemfundisha.

Nilidhani nimemkanya asiguse kuku. Yeye alielewa kile kilichokuwa karibu zaidi na kipigo: nimemfikia bwana nikiwa na kitu mdomoni, nikaumizwa. Kesho yake nilipomrushia soksi aliiokota, akasimama mbali kama hatua kumi, akanitazama. Nikisogea hatua moja, naye anarudi nyuma hatua moja. Kumrudisha alipokuwa kulinichukua karibu miezi miwili, na hadi leo jambo hilo linaniuma.

Mnyama huunganisha tukio na kile kilichofuata papo hapo. Pale Morogoro, shirika la APOPO huwafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Panya akipatia, unasikika mlio mfupi wa kifaa kidogo, kisha anapewa chakula kama ndizi. Mlio ule unamwambia hasa ni lipi alilofanya sawasawa. Kama panya anahitaji usahihi wa namna hiyo, mbwa wako naye anauhitaji. Mbwa akichelewa kurudi kwa dakika tano na ukamgombeza alipofika, umemgombeza kwa kufika.

Kosa linalofuata ni kumkimbiza. Ameokota kiatu chako, unamfuata mbio kuzunguka nyumba, watoto wanashangilia. Kwa mbwa hakuna mchezo mtamu kuliko huo, na kesho ataokota kiatu kingine ili muanze tena. Geuka, kimbia upande wa pili ukimwita kwa furaha, kisha chuchumaa. Mbwa wengi watakufuata. Akifika, usimpokonye. Hapa ndipo wageni wengi wanapoharibu: mkono unaenda moja kwa moja mdomoni, na mbwa anajifunza kwamba kuja kwako ni kunyang'anywa. Msugue kifua na mabega, msifu, mwache ajivunie alichobeba kwa sekunde kadhaa. Ndipo uweke mkono chini ya kidevu na kusema "Achia". Akiachia, mpe kipande kidogo cha ini lililochemshwa, au mrushie tena. Ini lisionekane mapema, maana ataangusha kitu njiani akimbilie mkono wako.

Mahali pazuri pa kuanzia ni kichochoro. Kati ya nyumba na ua wa masale kuna njia nyembamba. Funga upande mmoja, simama upande wa pili. Rusha soksi iliyojazwa matambara hatua tano au sita tu. Akishaiokota hana pa kwenda isipokuwa kwako. Fanya hivyo kwa wiki mbili kabla ya kwenda uwanjani, na ukienda mfunge kamba ndefu nyepesi. Kamba hiyo usiitumie kumvuta kama samaki. Ni ya kumzuia asitoroke huku wewe ukimwita na kurudi nyuma.

Rusha mara tatu, nne zikizidi, kisha weka soksi kabatini akiwa bado anaitaka. Nimeona vijana wanarusha mara thelathini mpaka mbwa anaiangusha soksi katikati ya uwanja na kwenda kunusa nyasi. Tena usimwite kila mara kwenda kumfungia bandani. Mwite mara kumi, tisa kati ya hizo umpapase na umwachie aendelee na yake.

Kuhusu maneno, Kiswahili chetu kina mitego yake. "Njoo" na "ngoja" kwa sikio la mbwa aliye mbali zinakaribiana mno, kwa hiyo mimi hutumia "njoo" na "tulia". Na hizi amri za "usiruke", "usikimbie", "usile" ziache. Ni sauti ndefu zisizomwambia afanye nini. Mwambie "kaa". Kisha mkubaliane nyumba nzima. Baba anasema "njoo", mlinzi anasema "kuja", watoto wanasema "kam", halafu siku anavuka barabara ya bodaboda tunashangaa hasikii. Ukiita, ita mara moja. Asipokuja, mfuate kimya kimya, usirudie neno mpaka lichakae.

Kusubiri hadi atumwe kuna wakati wake. Mtoto wa miezi minne mwache akimbilie anavyotaka. Ukimbana mapema unazima moto wenyewe. Akikaribia miezi sita au saba na anarudi vizuri, anza kumshika kifuani kidogo kabla ya kumtuma, kisha kumkalisha, na mara nyingine urushe halafu uende kuokota wewe mwenyewe naye akitazama.

Kati ya miezi minne na sita meno yanabadilika na fizi zinauma, kwa hiyo akikataa kubeba, pumzisha. Usivutane naye kitu cha mazoezi, maana utamzoesha kubana kwa nguvu. Na kuruka kuta au kukimbia kando ya baiskeli kungoje akomae, mifupa yake bado inakua hadi mwaka mmoja au zaidi.

Joto la Moshi huwachosha mbwa hawa haraka, hasa mwenye manyoya meusi na aliyenenepa. Mimi hutoka naye saa kumi na mbili asubuhi, na kabla jua halijakolea tumesharudi. Akihema kwa kishindo, ulimi umepanuka na miguu inayumba, acha kila kitu, mpeleke kivulini, mmwagie maji mwilini, mpe ya kunywa, kisha mpigie daktari wa mifugo. Kila mkitoka kwenye nyasi mkague kupe masikioni na katikati ya vidole, na chanjo ya kichaa cha mbwa isipite mwaka.

Bosi alirudisha soksi mkononi mwangu jioni moja, kwenye kichochoro, nikiwa nimekaa chini nimempa mgongo kwa sababu macho yangu yalikuwa yakimtisha. Nilihisi pua baridi kwenye kiwiko. Sikuichukua soksi. Nilimkuna kifua, akaishika mdomoni hadi alipochoka mwenyewe, akaiweka pajani pangu.