Muuguzi kumtaka mama arudie maelezo ya ORS
Je, muuguzi anapomtaka mama arudie maelezo aliyopewa, anamtahini? Hapana, huo si mtihani. Muuguzi anapomtaka mama aeleze kwa maneno yake mwenyewe namna atakavyochanganya ORS (unga wa chumvi na sukari unaotiwa kwenye maji ili anywe anayeharisha) nyumbani, anachokipima ni maelezo aliyoyatoa yeye muuguzi, kwa kuwa swali la "umeelewa?" hujibiwa "ndiyo" hata na asiyeelewa, ndivyo tunavyofundishwa sisi wauguzi. Hapo ndipo makosa ya kipimo hujitokeza: pakiti ya lita moja humiminwa yote kwenye kikombe cha chai, au hugawanywa ili idumu, ilhali inapaswa kuchanganywa nzima katika lita moja ya maji safi na salama, na kinachobaki baada ya saa 24 kimwagwe. Soma kwanza maandishi ya pakiti, kwani zipo pia za nusu lita.