Kadi "inayochomoka" au "inayochomoleka"?

SWALI: Naandaa mwongozo wa wanafunzi wa elektroniki katika chuo cha ufundi. Nimeandika: "Kidhibiti na kadi inayochomoka zinawasiliana, kidhibiti kinaitumia kadi amri, nayo inajibu." Mwenzangu anasema sentensi ina kasoro, lakini hanionyeshi ziko wapi. Naomba msaada.

JIBU: Linalonisumbua zaidi ni "inayochomoka". Kuchomoka ni kutoka pale kitu kilipochomekwa, bila kumtaja aliyekitoa, na mara nyingi bila kutakiwa. Mpini wa jembe huchomoka. Kadi inayochomoka, basi, imelegea kwenye nafasi yake, na hiyo ni hitilafu ya kupelekwa kwa fundi. Wewe unaizungumzia kadi iliyoundwa ili mtu aweze kuichomoa. Chukua "chomoa", itie kauli ya kutendeka, upate "chomoleka". Mafundi simu husema tu "memori kadi" na wanaelewana vizuri, ila mwongozo unaotofautisha kadi ya SD na kumbukumbu iliyolehemewa kwenye bodi unaihitaji hiyo "-leka".

"Kinaitumia kadi amri" nayo inateleza. Ulikusudia "tuma" katika kauli ya kutendea, lakini umbo hilohilo ndilo "tumia" la matumizi. Mpaka msomaji afike kwenye "amri", ameshaelewa kwamba kidhibiti kinafanya kazi kwa kadi. Andika "kinaipelekea kadi amri".

"Wasiliana" si kosa la sarufi, na kwenye kichwa cha sura inafaa kabisa. Tatizo ni kwamba kauli ya kutendana huzipa pande mbili nafasi sawa, ilhali kadi ya kumbukumbu ya SD haianzi mazungumzo hata siku moja. Mapigo ya saa, yaani mapigo ya umeme yanayopanga mwendo wa mazungumzo, hutoka kwa kidhibiti kilicho ndani ya prosesa. Amri hupita kwenye waya mmoja, kila amri ikiwa na biti 48: 6 kati yake hubeba namba ya amri, na 7 ni za kukagua makosa. Jibu la kadi hurudi kwa waya huohuo. Mwanzoni kidhibiti huenda polepole, kwa mapigo yasiyozidi kilohezi 400. Amri namba 0 huirudisha kadi mwanzo, namba 8 huiuliza kama inaikubali volteji iliyopo, na baadaye namba 3 huitaka itoe anwani itakayoitwa kwayo. Hatua hizi zinataka vitenzi vyenye mwelekeo: amuru, uliza, jibu. Mwanafunzi atakayesoma "wasiliana" kila mahali atapima ishara kwenye waya akitarajia kadi ijitokeze yenyewe kusema jambo, na atasubiri sana.

Hata hivyo, usiiandike kadi kana kwamba haina nguvu yoyote. Ikipokea data ya kuandikwa, huushusha waya wa kwanza wa data na kuushikilia chini hadi imalize kazi, na muda wote huo kidhibiti hakiwezi kuipelekea data nyingine. Kiswahili kinalisema hili kwa kitenzi kimoja: kadi inakisubirisha kidhibiti. Nakusihi ukitumie. Kauli ya kutendesha hapa inaonyesha uwezo halisi wa upande usioanza mazungumzo, jambo ambalo "kidhibiti kinasubiri" hailisemi.

Kuhusu upatanisho, kidhibiti ni KI-VI na kadi ni I-ZI. Vitu vya ngeli mbili visivyo na uhai vikiunganishwa, "vi-" ndiyo salama: vinawasiliana. Wapo wanaofuata nomino iliyo karibu na kitenzi wakaandika "zi-" kama wewe, nami siwakatai. Shika njia moja tu kitabu kizima.

Kwa hatua ya kusoma data, ningeandika hivi: "Kidhibiti huipelekea kadi inayochomoleka amri namba 17 pamoja na anwani ya bloku inayotakiwa. Kadi hujibu kwenye waya wa amri, kisha hutoa baiti 512 kwenye nyaya za data."