Maswali ya Lugha: "Sustainable" si "endelevu" kila mahali

Swali: Natafsiri ripoti, na kila nikikutana na neno la Kiingereza "sustainable" naandika "endelevu". Mhariri amenirudishia "deni endelevu", "vifungashio endelevu" na "ukuaji endelevu", akisema nimetumia neno moja kama chumvi. Nimekosea wapi?

Jibu: Umekosea mawili, la tatu lina mjadala.

Mzizi wa neno hilo ni Kilatini, sustinere, yaani kukishikilia kitu kwa chini kisianguke. Maana zake za kale ni "kinachohimilika" na "kinachoweza kutetewa", ndiyo maana hoja yenye mashiko nayo huelezwa kwa neno hilohilo. Maana ya mazingira ilienea zaidi baada ya 1987, pale tume ya Umoja wa Mataifa chini ya Gro Harlem Brundtland ilipoeleza kuwa maendeleo ya namna hiyo hukidhi mahitaji ya kizazi cha sasa bila kuvinyima vizazi vijavyo uwezo wa kukidhi yao. Wazo lenyewe ni la zamani kuliko tume. Mwaka 1713 Hans Carl von Carlowitz, msimamizi wa migodi huko Saxony, Ujerumani, aliandika kuhusu uhaba wa kuni za kuyeyushia madini, akataka miti ikatwe kwa kadiri inavyoota upya.

Sasa turudi kwenye deni. Nani anataka deni liendelee? Msomaji wa "deni endelevu" ataona deni lisilokwisha. Wachumi wana neno lao, "himilivu": deni ambalo mkopaji anaweza kuendelea kulilipa bila kushindwa wala kuhitaji msaada wa pekee.

Kwa vifungashio, taja sifa iliyokusudiwa: vinatumika tena, vinarejelezeka, au vinaoza? Mwandishi wa Kiingereza asipoieleza, muulize kabla ya kutafsiri, maana mara nyingi neno hilo huwekwa kwenye lebo ili lisiseme lolote.

"Ukuaji endelevu" unakubalika kwenye ripoti ya mazingira. Katika hesabu za kampuni, hata hivyo, ni kipimo maalumu: kasi ya kukua bila kuuza hisa mpya wala kubadili uwiano wa madeni. Kampuni inayopata faida ya asilimia 15 ya mtaji wa wenye hisa, na kubakiza asilimia 40 ya faida hiyo, inaweza kukua kwa asilimia 6 (0.15 × 0.40). Hapo "ukuaji unaohimilika" unaeleweka zaidi.

Swali: Je, endelevu, jadidifu, mbadala, safi na "rafiki wa mazingira" ni visawe?

Jibu: Hapana, ingawa matangazo yanayachanganya kila siku. "Jadidifu" husema chanzo kinajirudisha. "Endelevu" husema tunakitumia kwa kasi ambayo kinaweza kuhimili. Ya kwanza ni sifa ya kitu, ya pili ni sifa ya matumizi.

Chukua msitu wenye mita za ujazo 10,000 za miti, unaokua kwa asilimia 3 kwa mwaka, yaani mita 300. Ukivuna 300, msitu unabaki ulivyo. Ukivuna 400, mwaka unaofuata unaanza na 9,900, ukuaji unashuka hadi 297, na pengo linakuwa 103. Linapanuka kila mwaka, kwa kuwa unakula mtaji badala ya faida. Kuni zake ni jadidifu siku zote hizo. Uvunaji wake si endelevu.

Kinyume chake kipo pia. Umeme wa nyuklia hautoi kaboni dioksidi mtambo unapozalisha, lakini urani huchimbwa na hairudi ardhini: ni nishati safi kwa kipimo cha kaboni, si jadidifu. "Mbadala" haisemi lolote kuhusu ubora, ila kwamba kitu kimechukua nafasi ya kingine.

"Rafiki wa mazingira" ndilo legevu kuliko yote. Plastiki ya PLA, itokanayo na wanga wa mimea, huoza vizuri kwenye mtambo wa mboji wenye joto la nyuzi 60 hivi za Selsiasi. Ikitupwa baharini hudumu miaka. Urafiki huo una masharti, na mwandishi makini huyataja.

Swali: Tuseme "maendeleo endelevu" au "maendeleo maendelevu"?

Jibu: "Maendeleo endelevu". Neno limeundwa kutoka "endelea" kama "tulivu" lilivyotoka "tulia", na kwa kanuni lingebeba viambishi: mtu mtulivu, watu watulivu. Lakini matumizi yameliacha bila kiambishi: kilimo endelevu, miradi endelevu, uvuvi endelevu. Nomino yake ni uendelevu.

Tahadhari moja: "tathmini endelevu" shuleni ni tathmini inayofanywa mfululizo, haihusiani na mazingira. Ukiandika "mafunzo endelevu" kwenye ripoti ya misitu, msomaji hatajua kama ni mafunzo yasiyokatika au mafunzo kuhusu uendelevu. Andika "mafunzo ya mara kwa mara" au "mafunzo kuhusu matumizi endelevu ya misitu", kadiri ulivyokusudia.