Mgonjwa Naye Apewe Nafasi ya Kukosea

Mhariri, swali lenu la wiki hii lilikuwa na sehemu mbili: ni filamu gani iliyoonyesha urafiki na mapenzi ya mtu mwenye ulemavu, au ya mgonjwa asiyetarajiwa kupona, bila kumvunjia heshima, na je, msomaji angethubutu kuitazama sebuleni pamoja na wazazi wake? Filamu ninayoichagua ni Margarita with a Straw ya mwongozaji Shonali Bose wa India, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la filamu la Toronto, Kanada, mwaka 2014. Naichagua kwa sababu mhusika wake mkuu, binti mwenye utindio wa ubongo anayetumia kiti cha magurudumu na kuzungumza kwa taabu, ameruhusiwa na hadithi kuwaumiza watu wanaompenda.

Sababu hiyo huenda ikawashangaza wasomaji waliolelewa, kama mimi, na sinema ya Kihindi, ambayo watu wa pwani yetu wameilia na kuiimba kwa vizazi kadhaa bila hata kuijua lugha yake. Sisi tumezoeshwa mgonjwa wa namna nyingine. Katika Anand ya mwaka 1971, Rajesh Khanna ni mtu mwenye saratani anayejua kwamba siku zake zinahesabika, naye huzitumia kuwachekesha jirani na kumsukuma rafiki yake daktari, anayeigizwa na Amitabh Bachchan, amfungulie moyo msichana anayempenda. Mwanamke aliyependwa na Anand mwenyewe amekwisha kuolewa na mwingine, na jambo hilo linapitiwa haraka ili turudi kwenye vicheko.

Miaka 32 baadaye ikaja Kal Ho Naa Ho, ambayo nadhani haihitaji kuelezwa sana kwa wasomaji wa safu hii. Aman, yaani Shah Rukh Khan, ana moyo mgonjwa. Anampenda Naina na Naina anampenda yeye, lakini anamdanganya kwamba ana mke, kisha anafanya kila hila ili Naina aolewe na rafiki yake Naina, Rohit. Yumo katika onyesho lile mashuhuri ambapo analishika mkononi mwake daftari la Rohit na kumsomea Naina maneno ya mapenzi yaliyomo, nasi baadaye tunagundua kwamba kurasa hazikuwa na kitu na maneno yote yalikuwa ya Aman mwenyewe. Nililia, na nikiitazama tena nitalia. Hata hivyo, tuangalie kilichofanyika pale: mapenzi ya mgonjwa yamegeuzwa kuwa mali ya urithi, na wajibu wake wa mwisho ni kuyagawa kabla hajazikwa. Naina hakuulizwa. Sentensi ya kweli kuliko zote katika filamu ile hutamkwa kitandani mwishoni, Aman anapomwambia Rohit kwamba Naina awe wake katika maisha haya, lakini katika maisha mengine yote yatakayofuata atakuwa wa Aman. Hapo, kwa mara moja tu, mtu anayekufa anataka kitu kwa ajili ya nafsi yake.

Laila wa Margarita with a Straw anataka tangu mwanzo, na anataka vingi. Ni mwanafunzi wa chuo huko Delhi anayeitungia mashairi bendi ya wenzake. Ana rafiki wa karibu, Dhruv, ambaye naye anatumia kiti cha magurudumu na anampenda. Laila anambusu, kisha anamwacha pembeni mara tu anapomtamani mwimbaji wa bendi, Nima, kijana anayetembea kwa miguu yake. Nima anapomkataa, filamu haimgeuzi Nima kuwa katili, wala haimfanyi Laila kuwa shahidi wa ukatili huo. Amekataliwa kama watu wanavyokataliwa kila siku, akaona aibu, akatamani kuondoka. Bendi yao inaposhinda mashindano, mtangazaji anaueleza umati kwamba ushindi umetolewa kwa kuwa mashairi yameandikwa na msichana mwenye ulemavu, na Laila anamjibu kwa ishara ya kidole ambayo sitaieleza hapa. Kwangu mimi ishara ile inastahili heshima kuliko hotuba nyingi za siku za maadhimisho.

Anapata nafasi ya masomo New York, na huko anampenda Khanum, mwanaharakati kijana asiyeona, binti wa wazazi wa Kipakistani na Kibangladeshi. Wapo wasomaji watakaoiacha filamu hapo kwa sababu ya dini au malezi yao, nami siwalaumu. Lakini watakaoendelea wataona jambo ambalo sinema hulionyesha kwa nadra, yaani miili miwili yenye ulemavu ikijuana taratibu bila mtu mzima wa viungo kuwa kati yao kama mwokozi. Kisha Laila analala na Jared, mwanafunzi mwenzake anayemsaidia kuandika, na kwa muda hamwambii Khanum jambo hilo. Anapokiri, Khanum anaumia na kumwacha. Kiti cha magurudumu hakikuwa utetezi wa kumtosha. Ningeweza kuilaumu filamu kwa kumtumia Khanum kama mwalimu wa Laila kisha kumwondoa bila kutuambia zaidi yanayomhusu, na lawama hiyo naiacha isimame, lakini hasira ya Khanum haikupunguzwa ukali, na hilo ni jambo kubwa.

Aliyeugua ugonjwa wa kufa katika hadithi hii si Laila. Ni mama yake, anayeigizwa na Revathi. Huyu ndiye aliyemwogesha binti yake, akamchana nywele na kumfuata hadi Marekani ili amsaidie kuanza maisha. Ndiye pia aliyeikuta kompyuta ya binti ikiwa na picha za ngono, na ugomvi unaofuata, kuhusu kama mtu anayeogeshwa na mama yake anaweza kuwa na siri yoyote mbele ya mama huyo, unafaa kutazamwa mara mbili. Saratani ya utumbo inapomlaza mama, Laila, aliyekwisha kurudi Delhi kwa likizo, anakuwa muuguzaji wake. Hawageuki watakatifu kwa sababu kifo kimekaribia: wametenganishwa na mapenzi ya Laila na Khanum, ambayo mama hayakubali, na upatanisho wao unachelewa kama kawaida ya upatanisho wa ndani ya familia.

Suala hili la mikono inayomhudumia mtu limechimbwa zaidi katika The Sessions ya mwaka 2012, ambayo ingekuwa chaguo langu la pili. Inamhusu Mark O'Brien, mshairi na mwandishi wa habari wa Berkeley, California, aliyeugua polio utotoni na kuishi akipumua kwa msaada wa silinda ya chuma inayoumeza mwili wote isipokuwa kichwa. Filamu imetokana na makala aliyoichapisha mwenyewe mwaka 1990, kuhusu mwanamke aliyelipwa kumfundisha mapenzi ya mwili kwa utaratibu wa kitabibu. Kabla ya hapo tunamwona akimpenda msaidizi wake, Amanda, naye Amanda, badala ya kujibu, anaondoka. Mtu anayelipwa kukuosha na kukulisha hawezi kuposwa kama jirani, kwa sababu kukataa kwake kunaweza kumgharimu mkate wake. Kwetu mikono hiyo huwa ya mama, ya dada, au ya msichana wa kazi mwenye mshahara mdogo kuliko wote nyumbani, na ningependa sana kuona filamu ya Dar es Salaam au ya Nairobi ikimpa msichana huyo sauti ya kusema hapana.

Mwongozaji wa The Sessions, Ben Lewin, naye aliugua polio akiwa mtoto, lakini John Hawkes aliyemwigiza O'Brien hana ulemavu huo, kama vile Kalki Koechlin aliyemwigiza Laila asivyo na utindio wa ubongo. Katika Yomeddine ya Misri, iliyoshindanishwa katika tamasha la filamu la Cannes mwaka 2018, mhusika mkuu aliyepona ukoma aliigizwa na Rady Gamal, ambaye mwenyewe aliwahi kuugua ukoma, na tofauti inaonekana tangu dakika za mwanzo.

Kuhusu sehemu ya pili ya swali lenu: ndiyo, ningeitazama Margarita with a Straw pamoja na mama, rimoti ikiwa mkononi mwangu kwa sababu za wazi, kwa kuwa nadhani angemtazama mama wa Laila zaidi kuliko yale yanayonitia haya mimi. Baba ningempa aitazame peke yake, kwa wakati wake, na nisingemuuliza ameionaje.