Kushuka Everest kwa skii: mbona hatari iko njia ya kurudi?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni kijana wa Uyole. Kila Jumamosi napanda Loleza kwa mazoezi, na mwakani nataka kwenda Kilimanjaro. Nimeona video ya yule Mpolandi, Andrzej Bargiel, akishuka Everest kwa skii, zile mbao mbili za kutelezea juu ya theluji, bila mtungi wa oksijeni, na kuna jambo limenikaa kichwani. Kila mita unayoshuka hewa inaongezeka, na kushuka hakuhemeshi kama kupanda. Mbona basi wengi wao hufa wakati wa kushuka? Na sisi tuliozaliwa huku kwenye baridi na miinuko hatuna nafuu yoyote?

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Swali lako ni zuri, na hesabu yako ya hewa ni sahihi. Ulichosahau ni hali ya mtu mwenyewe anapoanza kushuka.

Mimi ni daktari wa usingizi hapa Mbeya, wale wa nusu kaputi. Kutwa nzima thieta naangalia namba moja, oksijeni ya mgonjwa kwenye ile klipu ya kidoleni. Mtu mzima mwenye afya hapa mjini husoma asilimia 95 hivi. Ikishuka chini ya 90 naacha kila kitu nimshughulikie yeye. Sasa sikia hili. Mwaka 2007 madaktari kutoka Uingereza walipanda Everest, na wakati wa kurudi wakasimama kwenye mita 8,400. Wanne kati yao walifungua nguo kwenye baridi ile, wakatolewa damu kwenye mshipa mkubwa wa kinenani. Walikuwa wamevua barakoa za oksijeni kwanza, wanavuta hewa ya mlima tu. Wastani ulikuwa asilimia 54. Kwangu hiyo ni namba ya mtu anayekata roho. Wao walikuwa na fahamu zao, kwa sababu mwili ulikuwa umepewa wiki nyingi za kuzoea. Ila usifikiri mtu wa asilimia 54 ana akili ileile aliyoondoka nayo kambini.

Hewa ya kule ina oksijeni kwa sehemu ileile kama ya Uyole, karibu asilimia 21. Kinachopungua ni mgandamizo unaoisukuma iingie kwenye damu. Mbeya mjini, karibu mita 1,700, tumeshapoteza kama moja ya tano ya mgandamizo wa pwani. Kilele cha Kilimanjaro umebaki karibu nusu. Kilele cha Everest, mita 8,849, imebaki theluthi moja.

Na kiungo kinachoona njaa hiyo mapema ni ubongo. Niliwahi kusimama Stella Point, karibu na kilele cha Kilimanjaro, mita 5,756, alfajiri, kamba ya kiatu imefunguka. Mikono hii huingiza sindano kwenye mshipa wa mtoto mchanga. Niliinama, nikashika ncha mbili za kamba, nikazitazama, nikashindwa kukumbuka ipi inapita juu ya mwenzake. Wala sikuogopa. Nilijiona mzima kabisa, na hilo ndilo linalonitia hofu hadi leo. Kijana aliyekuwa akituongoza alipiga magoti, akaifunga, kisha akaniuliza mama yangu anaitwa nani, akasubiri nijibu. Hapo ni mita 5,756 tu, kwa miguu, kwenye njia pana.

Wapo waliokwenda kuhesabu. Daktari mwenzangu wa usingizi, Paul Firth wa Marekani, na wenzake walichambua vifo vya Everest tangu 1921 hadi 2006. Zaidi ya nusu ya waliokufa baada ya kuvuka mita 8,000 walikufa wakishuka kutoka kileleni. Dalili zilizojirudia ni uchovu wa kupita kiasi, kuchanganyikiwa, kuyumba, kubaki nyuma ya wenzao. Mtu anayefika kileleni amepanda usiku kucha, hajala, amekauka maji, na kila alichokuwa nacho amekitumia kufika pale. Ukimwambia kwamba mita 400 chini hewa itaongezeka kidogo, ni kweli, lakini nyongeza hiyo haifiki kwake kwa wakati wa kumsaidia kuweka mguu wa kwanza.

Sasa mvishe skii mtu huyo.

Umewahi kupanda lori kushuka Kitonga? Dereva mzoefu huingiza gia nzito juu kabisa, kabla ya mteremko, kwa sababu akishachelewa breki zitashika moto na kona haimsubiri. Mtelezaji wa mlima mkali breki zake ni mapaja. Kwenye mteremko wa nyuzi 50 hatelezi kama wale unaowaona kwenye Olimpiki. Anaruka: anazinyanyua skii zote mbili, anazigeuza hewani, anatua kwenye makali ya chuma membamba kama ya panga, anasimama, anahema. Kisha tena. Kila ruko ni kazi ya ghafla ya misuli mikubwa, na kule juu uwezo wa mwili wa kutumia oksijeni umebaki kama robo ya ule wa pwani. Ndiyo maana nakukatalia hilo la kwamba kushuka hakuhemeshi. Ukishuka Loleza kwa miguu, sawa. Kwa skii juu ya mita 8,000, kushuka ni kazi kama kupanda, na haikupi nafasi ya kukaa chini ukaghairi.

Mpandaji wa kawaida Everest ana kamba iliyofungwa mlimani. Akijikwaa, inamshika. Mtelezaji ameiacha kamba, hana budi, maana skii na kamba havipatani. Akianguka kwenye barafu ngumu ya nyuzi 50, piga hesabu mwenyewe ya fizikia ya kidato cha nne: ndani ya sekunde mbili anakwenda zaidi ya kilometa 50 kwa saa, mwendo wa daladala barabarani, na mbele yake hakuna pa kusimamia.

Halafu kuna theluji yenyewe. Hapa natamani ungekuwa umelala Makete mwezi wa Juni au Julai. Asubuhi unakuta umande umeganda juu ya majani ya viazi. Chukua kidogo usugue kwa vidole: ni chembechembe kavu, kama chumvi ya mawe, hazishikani. Kwenye milima mirefu hutokea vivyo hivyo juu ya theluji. Kisha upepo unaleta theluji nyingine na kuishindilia juu yake mpaka inakuwa bamba gumu. Kwa macho ni mlima mweupe uliotulia, kumbe bamba zima limekaa juu ya chumvi. Uzito wa mtu mmoja unatosha kulikata, na likikatika linaondoka naye. Sisi wa Mbeya tuliona Aprili 2024 tope lilivyoshuka kutoka Kawetire likafukia nyumba pale Itezi. Theluji nayo hufukia hivyo. Aliyefukiwa mzima, nafasi yake ya kuishi huanguka vibaya baada ya dakika 10 hadi 15, kwa sababu anavuta pumzi yake mwenyewe.

Ndivyo alivyokwenda Hilaree Nelson, Mmarekani. Septemba 2018 yeye na Jim Morrison walikuwa wa kwanza kushuka Lhotse, mlima jirani wa Everest, kwa skii kutoka kileleni, mita 8,516. Huyu hakuwa mgeni wala mzembe. Tarehe 26 Septemba 2022 alifika kilele cha Manaslu, mlima mwingine mrefu wa Nepali, akavaa skii, akaanza kushuka, na maporomoko madogo ya theluji yakamzoa. Madogo. Kwenye uwanda yangemwangusha tu akaamka akajikung'uta; pale chini yake kulikuwa na ukuta wa mlima.

Mwingine ni Marco Siffredi, Mfaransa, aliyekuwa akishuka kwa ubao mmoja. Mwaka 2001 alishuka Everest upande wa kaskazini salama. Akarudi Septemba 2002, ana miaka 23, akiitaka njia ya Hornbein, bonde jembamba lililo wima zaidi. Walipita kwenye theluji nene zaidi ya saa 12 mpaka kileleni. Ilishakuwa alasiri, mawingu yanakuja, na Washerpa aliokuwa nao, wenyeji wa milima ile wanaoongoza wapandaji na kubeba mizigo, walimsihi asishuke huko. Alishuka. Hajaonekana tena. Nikisoma habari hiyo simwoni kijana mkaidi. Namwona mtu mwenye uhaba wa oksijeni, anayejiona mzima, anayeulizwa swali gumu kuliko yote ya maisha yake.

Lakini usije ukadhani nawaita wendawazimu, wana hoja. Hatari kubwa kule juu ni muda: kila saa ya ziada juu ya mita 8,000 mwili unakufa kidogo kidogo. Davo Karničar wa Slovenia, Oktoba 2000, aliteleza toka kilele cha Everest hadi kambi ya chini bila kuvua skii, chini ya saa tano. Wanaoshuka kwa miguu hutumia siku mbili, tatu. Kwa hiyo skii ni njia ya kutoka haraka mahali pasipokalika, mradi usikosee hata mara moja. Na Bargiel uliyemwona alijiandaa miaka. Mwaka 2018 alikuwa wa kwanza kushuka K2, mlima wa pili kwa urefu duniani, kwa skii kutoka kileleni. Septemba 2025, Everest, giza lilipoingia alisimama akalala kambi ya pili, akamalizia kesho yake, huku ndugu yake akimwonyesha njia kwa droni kwenye barafu iliyopasuka ya Khumbu. Ninachomheshimu zaidi ni kule kulala. Mwezi uliofuata Jim Morrison, aliyekuwa mwenzi wa Hilaree, aliishuka ile Hornbein iliyomchukua Siffredi, baada ya kuacha majivu ya mwenzake kileleni. Mimi ni mtu wa thieta, sina la kumfundisha mtu aliyebeba hayo.

Kuna wengine wanaobeba gharama ambao video haiwaonyeshi, na lazima niwataje. Mwaka 1970 Yuichiro Miura wa Japani alishuka sehemu ya Everest kwa skii huku amefungua mwavuli wa parachuti mgongoni. Alianguka, akapona. Washerpa sita wa msafara ule walikuwa wameshakufa kwenye barafu ya Khumbu, wakibeba mizigo ili yeye afike pa kuanzia.

Nafuu ya kwetu ipo, ila ndogo. Damu yako ina chembe nyekundu nyingi kidogo kuliko ya mtu wa Tanga, na mapafu na miguu yako imezoea mlima. Washerpa na Watibeti wamerithi jeni za kuishi juu baada ya vizazi kwa vizazi karibu na mita 4,000. Sisi hata Kitulo, yenye baridi yake yote, ni mita 2,600 hivi, na Loleza yako haifiki 2,700. Baridi haikuzoeshi uhaba wa hewa. Nguvu za miguu nazo zina mtego wake: kijana mwenye mazoezi hupanda haraka kuliko mwili unavyozoea, akaumwa kabla ya mzee anayejikongoja.

Kwa hiyo Kilimanjaro chukua siku saba au nane, usikubali tano hata kama ni nafuu. Ukiweza, panda Meru kwanza, mita 4,566. Ukikohoa na kukosa pumzi hata ukiwa umekaa, au kichwa kikiuma pamoja na kuyumba, shuka saa ileile, usiku au mchana. Klipu ya kidoleni unaweza kununua, ila vidole vyenye baridi huipa namba za uongo. Kipimo ninachokiamini zaidi hakina gharama. Mwombe mwenzako achore mstari ardhini wa hatua kumi, utembee juu yake kisigino kikigusa ncha ya kidole cha mguu mwingine. Mfanye hivyo kila jioni, na muanze hapahapa Uyole kabla ya safari, ili ajue unavyotembea ukiwa mzima. Siku ukitoka nje ya mstari yeye ndiye atakayeamua mshuke, na mkubaliane hivyo kabla hamjapanda basi.