Mizani sita za babu

Mhariri, wiki hii mmetuuliza kama mashairi magumu ya kisasa, yale yasiyofuata vina wala mizani, yaani hesabu ya silabi katika mstari, yaondolewe kwenye mitihani ya sekondari. Nilipolisoma swali hilo nilisema moyoni: yaondolewe, tena leo. Mimi yalinitoa machozi.

Nilikuwa kidato cha tano, shule ya bweni Tabora. Kazi ya likizo ilikuwa insha ya kurasa nne juu ya "Kisu Mkononi", shairi la Euphrase Kezilahabi katika diwani yake ya Kichomi ya mwaka 1974. Nilipanda treni kurudi kwetu Ujiji, na kutoka Kaliua hadi Uvinza nililisoma labda mara kumi. Daftari likabaki jeupe.

Ujiji ndiko alikozaliwa Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyetuandikia Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954. Babu alikuwa na nakala yake, ameivalisha gazeti isichakae. Nikamfuata barazani baada ya alasiri.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mama. Nisomee."

Nikasoma jina tu. Akaanza kukunja vidole: ki-su-m-ko-no-ni. Sita. Viwili akabaki ameviinua, anangoja mizani nane za nusu mstari zitimie. Nikaendelea. Mstari huu mrefu, ule mfupi. Vidole vikakunjwa, vikakunjuliwa, mwisho akaviweka magotini.

"Ukwapi uko wapi? Utao je? Kituo?"

Alikuwa akiulizia nusu ya kwanza ya mstari, nusu ya pili, na mstari wa kufungia ubeti. Sikuwa na jibu. Akasema hilo si shairi. Nikafunga kitabu. Wauza samaki wa migebuka wakapita na beseni zao, babu kimya, kisha akaniuliza: "Huyo mwenye kisu, anataka kumchoma nani?"

Sikujua. Mara kumi kwenye treni, na swali hilo halikuwahi kunijia! Nilikuwa natafuta dhamira tatu na tamathali nne za kujaza kurasa. Basi tukarudi mwanzo, mstari kwa mstari, akinisimamisha kila pumzi yangu ilipokatika, hadi adhana ya magharibi. Aliponyanyuka kwenda kutawadha alirudia kwamba si shairi. Baada ya sala akaniita nimsomee tena.

Insha ile nilipata alama 9 kwa 20. Mwalimu aliandika kwa wino mwekundu: "Dhamira ziko wapi?" Niliumia, na hasira hiyo ndiyo iliyonikalisha kuwaandikia.

Lakini nikiandika haya nakumbuka jambo jingine. Mashairi ya mapokeo niliyapasua vizuri kila mtihani: ni tarbia (mistari minne kila ubeti), mizani 16 kwa mstari, vina vya kati na vya mwisho, kituo ni bahari (hubadilika kila ubeti). Alama zikaja, na mengi kati ya hayo sikuyaelewa hata kidogo. Hesabu ilinibeba. Kwenye shairi la Kezilahabi hapakuwa na cha kuhesabu, ndiyo maana kutoelewa kwangu kulionekana.

Kwa hiyo jibu langu limegeuka: yabaki. Ila msiyatungie swali la "taja dhamira tatu", na insha ya mtoto aliyesoma kweli akabaki na swali lake isipewe 9. Hilo la kusahihisha sijui litafanyikaje darasa likiwa na wanafunzi themanini, na kama haliwezekani, basi yasomwe tu darasani kwa sauti, mtihani uyaache. Hata hivyo nisingependa kuona yanaachwa.

Msomaji wenu, Ujiji, Kigoma