Barua kwa mwanangu: Adam Beck na umeme wa Ontario

Mwanangu,

Unauliza kama Adam Beck, yule mwenye sanamu hapo University Avenue, Toronto, alikuwa shujaa au mwizi, maana wenzako kazini wamebishana. Ngoja kwanza nikueleze alivyofanya kazi.

Alikuwa na kiwanda cha makasha ya biri mjini London, katika jimbo la Ontario, Kanada. Mwaka 1902 akawa meya na mbunge katika bunge la jimbo hilo, vyote kwa pamoja. Viwanda vya miji ya Ontario vilitegemea makaa ya mawe ya Marekani, na mgomo wa wachimbaji mwaka huohuo uliwatia adabu wenye viwanda. Maporomoko ya Niagara yalikuwa jirani, ila umeme wake ulikuwa mikononi mwa makampuni binafsi. Beck hakuyanyang'anya makampuni hayo. Sheria ya 1906 iliunda tume ya umeme, yeye mwenyekiti. Miji ikapiga kura, ikatia saini mikataba, ndipo tume ikanunua umeme Niagara na kujenga njia ya msongo wa kilovolti 110. Tarehe 11 Oktoba 1910 taa zikawaka Berlin, siku hizi Kitchener. Bei ilikuwa gharama tu, bila faida. Unanijua: umeme ni wa wanaoulipia.

Kinachoniuma ni Queenston, kituo cha umeme ambacho tume ilijenga chini ya maporomoko ya Niagara. Maporomoko yenyewe yana kimo cha kama mita 50. Mtambo ukikaa pale, mteremko wa korongo chini yake unapotea bure. Beck akaugeuza Mto Welland utiririke kinyume, akachimba mfereji wa kilomita zaidi ya 13, akapata anguko la kama mita 90. Maji yaleyale, umeme karibu maradufu! Lakini makadirio ya kwanza yalikuwa kama dola milioni 10, na gharama ikapita milioni 70. Vita Kuu ya Kwanza vilipandisha ujira na bei, sawa. Ila pia alikuza mradi katikati ya ujenzi, na serikali ikalalamika kwamba haielezwi. Kama umeme ni wa wanaoulipia, si wangeonyeshwa hesabu? Lakini angengoja kila kibali, mfereji ungechimbwa lini?

Wapiga kura wa London walimwangusha 1919, akabaki mwenyekiti wa tume bila kiti bungeni, 1923 wakamrudisha. Alifariki 1925, na hakuna mahakama iliyomtia hatiani. Marehemu babu yako angeshatoa hukumu zamani. Mimi... hapana, usinilazimishe.

Ukienda Niagara, usiishie kwenye maporomoko. Kituo kile cha Queenston bado kinazalisha, na mabomba yake ukutani mwa korongo yanaonekana vizuri zaidi kutoka ng'ambo ya Marekani. Angalia viza yako kwanza.

Baba yako